Picha ya Kweli na Fasiri Yake: Darubini za Nyumbani na Historia ya Kupiga Picha za Galaksi

1. Utangulizi

Mwishoni mwa mwaka 1888 Isaac Roberts, mjenzi wa majumba mjini Liverpool, aliwaonyesha wataalamu wa elimu ya nyota wa Uingereza picha ya kitu ambacho siku zile kiliitwa Nebula Kuu ya Andromeda. Watu walikuwa wamekitazama kwa darubini tangu mwanzo wa karne ya 17, na wengi wao walikieleza kuwa ni wingu hafifu lisilo na umbo. Picha ya Roberts ilionyesha jambo jingine: mikanda ya nuru inayokizunguka kitovu king'aacho, na kati ya mikanda hiyo mistari ya giza. Picha ile ilikuwa ya kweli. Hata leo, baada ya zaidi ya miaka 130, umbo lililoonekana humo halijakanushwa. Lakini Roberts alipoeleza ni picha ya kitu gani, alikosea kabisa. Alidhani anaona jua jipya likizaliwa pamoja na sayari zake, ilhali mbele yake palikuwa na jamii kubwa ya nyota zisizohesabika, iliyo mbali kuliko mtu yeyote wa siku zake alivyoweza kupima.

Katika makala hii tunakusudia kuifuata historia ya picha hizo, tangu darubini zilizotengenezwa majumbani hadi wakati ambapo maana ya picha ilipojulikana. Tunaamini kwamba historia hii inawahusu wachungaji na wanafunzi wa theolojia kwa njia mbili. Kwanza, wanatheolojia walishiriki katika mabishano yake. Pili, inatufundisha kutenganisha ushahidi tulioupokea na fasiri tunayoipa. Na kazi hiyo ndiyo kazi ya kila siku ya mtu anayefafanua Maandiko.

2. Vioo vilivyosagwa nyumbani

Mtu wa kwanza wa kukumbukwa hapa ni William Herschel, aliyezaliwa Hannover, Ujerumani, mwaka 1738. Alikuwa mwanamuziki, na katika mji wa Bath nchini Uingereza alikuwa mpiga kinanda wa kanisa. Darubini nzuri zilikuwa ghali, kwa hiyo akaamua kujitengenezea. Vioo vya darubini zake havikuwa vya kioo kama tukijuavyo leo, bali vya metali: mchanganyiko wa shaba na bati uliomiminwa, ukasagwa, ukang'arishwa hata ukaakisi nuru. Nyumba yake iligeuka karakana. Mwaka 1781, alipokuwa akimimina kioo kikubwa, metali iliyoyeyuka ilivuja ikatapakaa sakafuni, na mawe ya sakafu yakapasuka kwa joto. Dada yake Caroline aliandika kwamba kulikuwa na siku ambazo kaka yake alisugua kioo kwa muda wa saa 16 bila kuondoa mikono, na yeye alimlisha tonge kwa tonge. Kwa vioo hivyo Herschel aliigundua sayari Uranus mwaka 1781, kisha, akisaidiwa na Caroline aliyeandika kila alichokitaja, akaorodhesha nebula na vikundi vya nyota vipatavyo 2,500.

Mwanawe John aliifikisha kazi hiyo Afrika. Mwezi wa Januari 1834 aliwasili Rasi ya Tumaini Jema na darubini yenye urefu wa futi 20, pamoja na vioo vitatu vya metali: kimoja cha baba yake, kimoja walichokitengeneza pamoja, na kimoja alichokitengeneza yeye. Alikaa huko hadi mwaka 1838 akiipima anga ya kusini. Humo yamo Mawingu ya Magellan, mawili, ambayo hata sisi wa Afrika ya Mashariki twaweza kuyaona chini upande wa kusini usiku usio na mwezi. John Herschel alihesabu ndani yake mamia ya vitu, akatoa matokeo yake mwaka 1847.

Aliyefika mbali kuliko wote kwa vioo vya metali ni William Parsons, mwenye cheo cha Lordi Rosse, huko Birr nchini Ireland. Alitumia mafundi wa shamba lake mwenyewe, akamimina kioo chenye upana wa inchi 72, yaani mita 1.8, chenye uzito wa tani tatu hivi. Mwaka 1845 alikielekeza kwenye nebula iliyo karibu na Dubu Mkubwa, ambayo orodha za wanajimu huiita M51, akaona kwamba nuru yake imejizungusha kama maji yanayoingia shimoni. Alichora alichokiona. Kabla ya picha, mchoro huo ulikuwa ushahidi bora wa umbo la galaksi. Lakini mchoro hupitia jicho la mtu, mawazo yake na mkono wake, kabla haujafika kwenye karatasi.

3. Mabishano ya wanatheolojia

Swali kubwa la wakati ule lilikuwa hili: nebula ni nini? Immanuel Kant, aliyelelewa katika nyumba ya Walutheri wa uamsho wa Kipietisti, alikuwa amependekeza mwaka 1755 kwamba baadhi yake ni jamii za nyota zilizo nje ya jamii yetu, kama visiwa katika bahari. Laplace, Mfaransa, mwaka 1796 alipendekeza kwamba jua na sayari zetu zilitokana na wingu la hewa lililojikunja na kuzunguka. Hivyo mtu aliyetazama nebula aliweza kusema ni ulimwengu wa mbali wenye nyota nyingi, au ni jua moja linalozaliwa karibu nasi.

Mwaka 1853 kilitokea kitabu kisicho na jina la mwandishi kilichohusu wingi wa dunia. Mwandishi alikuwa William Whewell, kasisi wa Kianglikana na mkuu wa Chuo cha Trinity, Cambridge. Whewell alikanusha kwamba nebula ni jamii za nyota za mbali. Alikuwa na sababu ya kitheolojia: kama kuna dunia nyingi zenye viumbe wenye akili, tutasemaje juu ya Neno kufanyika mwili na juu ya ukombozi uliotendeka hapa mara moja? Lakini alikuwa na sababu ya kielimu pia, aliyoitoa katika kazi ya Herschel huko Afrika: ndani ya Mawingu ya Magellan nyota na nebula zimo pamoja mahali pamoja, kwa hiyo si lazima kila nebula iwe mbali sana kuliko nyota. Mwaka uliofuata alijibiwa na David Brewster, mwanasayansi wa Scotland aliyekuwa na kibali cha kuhubiri, ambaye aliona kwamba utukufu wa Muumba unadai dunia nyingi.

Yafaa tuangalie jinsi wote wawili walivyokosa msingi imara. Kila mmoja alitumia Maandiko, na kila mmoja alitegemea yale yaliyosemwa na watu walioweka jicho kwenye darubini. Nalo jicho lilikuwa shahidi dhaifu. Kwa darubini ya Birr ilidhaniwa kwamba nebula ya Orioni imeonekana kuwa nyota nyingi; lakini tangu mwaka 1864 William Huggins, kwa kuichambua nuru yenyewe, alionyesha kwamba baadhi ya nebula, na hiyo ya Orioni ikiwamo, ni hewa inayong'aa. Waliotazama walikuwa wameona walichotarajia kukiona.

4. Nuru inayokusanywa

Ndipo picha ilipoingia. John Herschel mwenyewe alikuwa miongoni mwa waasisi wa upigaji picha. Ndiye aliyegundua dawa ya kuifanya picha isifutike, na mwaka 1839 alipiga kwenye kioo picha ya fremu ya darubini kuu ya baba yake. Lakini kwa muda mrefu vioo vya picha vilipaswa kutumiwa vikiwa bado vibichi. Vilipokauka havikufaa tena. Mwaka 1871 daktari wa Kiingereza, Richard Maddox, alieleza njia ya kupaka kioo jelatini yenye chumvi ya fedha iliyoweza kutumika ikiwa kavu. Kuanzia hapo iliwezekana kuacha kioo kipokee nuru kwa saa nyingi.

Tofauti ya jicho na kioo cha picha ni hii: jicho likikaza kutazama kwa saa nzima haliongezewi chochote na saa hiyo, kwa maana halitunzi nuru. Kioo cha picha hutunza. Nuru hafifu ya dakika ya kwanza hukaa, ya dakika ya pili huongezwa juu yake, hata umbo ambalo hakuna jicho lingeliliona likatokea. Lakini neema hiyo ina masharti. Dunia huzunguka nyuzi 15 kila saa, kwa hiyo katika dakika mbili tu nyota huhama kiasi cha upana wa mwezi. Darubini isiyoifuata nyota kwa usahihi huipata kama mstari. Hii ndiyo sababu darubini ya Birr, iliyofungwa kati ya kuta mbili za mawe, haikufaa kwa kazi hii ingawa ilikuwa kubwa kuliko zote.

Henry Draper wa New York, daktari aliyejifunza kusaga vioo vya darubini kwa mikono yake, aliipiga picha nebula ya Orioni mwaka 1880. Baada yake alikuja Andrew Common, mhandisi wa maji machafu aliyeishi Ealing, nje ya London. Katika bustani ya nyumba yake Common alijenga darubini ya inchi 36. Kioo chake kilisagwa na fundi George Calver, lakini mtambo wa kuibeba na kuizungusha aliubuni Common mwenyewe. Mwaka 1883 picha yake ya Orioni ilionyesha nyota ambazo hakuna mtu aliyepata kuziona kwa jicho. Tangu siku hiyo ilikuwa wazi kwamba ushahidi wa mbinguni hautategemea tena jicho peke yake. Orioni, hata hivyo, imo ndani ya jamii yetu ya nyota. Galaksi zilikuwa bado zinangoja.

5. Roberts na picha ya Andromeda

Isaac Roberts alizaliwa Wales mwaka 1829, akaingia kazi ya ujenzi akiwa kijana, akafanikiwa. Darubini yake ya inchi 20 aliinunua kwa Howard Grubb wa Dublin mwaka 1885, akaiweka nyumbani kwake Maghull, karibu na Liverpool. Hakukitengeneza kioo, bali alijifunza subira ya kukitumia. Picha yake iliyojulikana zaidi ya Andromeda, ya Desemba 1888, ilihitaji muda wa saa nne, na muda wote huo ilimpasa mwangalizi kuishika nyota moja katikati ya uzi wa darubini ndogo ya kuongozea, usiku wa baridi kali, bila kuona hata kidogo picha inayofanyika. Hakuna aliyejua kama kazi imefaulu hadi kioo kilipooshwa kwa dawa.

Kwa nini basi mtu mwangalifu hivi akakosea fasiri? Hatuoni kwamba alikuwa mzembe. Dhana ya Laplace ilikuwa imeenea kwa karibu miaka mia moja, na ilikuwa dhana nzuri. Ilisema kwamba wingu linalozunguka huacha pete za hewa, na pete hizo huwa sayari. Picha ilipotokea na mikanda yake, ilifanana mno na michoro ya dhana hiyo. Hata galaksi ndogo mbili zilizo kando ya Andromeda zilionekana kama sayari zinazojitenga. Roberts hakuongeza kitu katika picha. Alichofanya ni kuisoma kwa kitabu alichokuwa tayari amekihifadhi moyoni, na kwa sababu picha na kitabu vilifanana, hakuona haja ya kuuliza zaidi. Swali ambalo picha peke yake haikuweza kulijibu ni swali la umbali: kitu kidogo kilicho karibu na kitu kikubwa kilicho mbali huacha alama ileile kwenye kioo.

6. Jinsi fasiri ilivyosahihishwa

Darubini ya Common iliuzwa mwaka 1885 kwa tajiri wa Halifax, Edward Crossley, naye akaitoa zawadi mwaka 1895 kwa kituo cha Lick huko California. Hapo James Keeler aliitumia tangu mwaka 1898. Kila alipopiga picha ya nebula moja, nyingine ndogo zilitokea pembeni, na nyingi zilikuwa na umbo la kujizungusha. Akakadiria kwamba darubini ile ingeweza kufikia nebula 120,000. Alifariki mwaka 1900 akiwa na umri wa miaka 42. Mwaka 1899 huko Potsdam, Julius Scheiner alikuwa amefanikiwa kuichambua nuru ya Andromeda, akaona inafanana na nuru ya jua letu: dalili kwamba kuna nyota nyingi pale, wala si hewa.

Hata hivyo kosa jingine lilikuwa njiani. Tangu mwaka 1916 Adriaan van Maanen alilinganisha picha za nebula za kujizungusha zilizopigwa miaka tofauti, akadai ameona mwendo wa mikono yake. Kama dai hilo lingekuwa kweli, nebula hizo zingepaswa kuwa karibu. Harlow Shapley alilitegemea dai hilo alipokanusha kuwako kwa galaksi nyingine. Picha zilikuwa safi. Vipimo ndivyo vilivyokuwa na kosa.

Aliyetoa ufunguo wa umbali ni Henrietta Leavitt, binti wa mchungaji, aliyefanya kazi Harvard ya kusoma vioo vya picha. Katika picha za Mawingu ya Magellan aliona mwaka 1912 kwamba nyota fulani ambazo mwanga wake hupanda na kushuka hufuata kanuni: kadiri mzunguko wake ulivyo mrefu, ndivyo nyota ilivyo na mwanga mwingi. Basi anayejua mzunguko anajua mwanga halisi, na kutokana na mwanga unaoonekana anaweza kukisia umbali. Mwezi wa Oktoba 1923 Edwin Hubble, kwenye mlima Wilson, aliikuta nyota ya namna hiyo katika picha ya Andromeda. Kioo cha darubini yake ya inchi 100 kilikuwa kimesagwa na George Ritchey, aliyeanza kazi hiyo katika karakana ndogo nyumbani kwake Chicago. Matokeo yalisomwa mbele ya wataalamu Washington tarehe 1 Januari 1925: Andromeda iko mbali kiasi cha miaka ya nuru 900,000, nje kabisa ya jamii yetu.

Hata hapo kazi haikwisha. Mwaka 1952 Walter Baade alieleza kwamba nyota zile ni za namna mbili, na kwamba umbali wa Hubble ulipaswa kuongezwa mara mbili hivi. Leo huhesabiwa kuwa miaka ya nuru milioni 2.5 hivi. Picha ya mwaka 1888 haikubadilika katika muda wote huo.

7. Mchungaji mwenye darubini

Kazi ya nyumbani haikukoma walipotokea wenye darubini kubwa. Mwaka 1920 Russell Porter aliwafundisha wafanyakazi wa viwanda wa mji wa Springfield, Vermont, kusaga vioo vyao wenyewe. Nyumba waliyojijengea mlimani ina maneno ya mwanzo wa Zaburi ya 19 kwenye paa lake la mbele. Leo mtu mwenye kioo cha inchi 8 alichokisaga nyumbani, akiweka kifaa cha elektroniki mahali pa kioo cha picha, hupata picha ya Andromeda iliyo bora kuliko ile ya Roberts.

Mfano unaotugusa zaidi ni wa Robert Evans, mchungaji wa Uniting Church nchini Australia, mwandishi pia wa historia ya uamsho katika nchi hiyo, aliyefariki mwaka 2022. Kwa darubini zisizo kubwa, na kwa macho yake, aligundua zaidi ya nyota 40 zilizolipuka katika galaksi za mbali. Siri yake ilikuwa kwamba alizijua kwa moyo sura za galaksi zaidi ya elfu moja pamoja na nyota zilizo jirani nazo, kwa hiyo nukta moja ya nuru iliyozidi aliitambua mara. Lakini hakutegemea jicho lake peke yake: alichokiona kilithibitishwa na wengine kabla ya kutangazwa. Ni kanuni ile ya mashahidi wawili au watatu tuijuayo katika Kumbukumbu la Torati.

8. Hitimisho

Vijana wetu wa darasa la Kipaimara, na zaidi wale walio sekondari na vyuoni, huziona picha za galaksi kila siku, nao huuliza. Wachungaji wengi hujibu kwa njia moja kati ya mbili. Wengine husema kwamba hayo ni makisio ya wanadamu tu, yatabadilika kesho. Wengine huichukua picha na kuifanya hoja ya kuthibitisha imani papo hapo, kana kwamba Mungu amepigwa picha. Historia tuliyoieleza haiungi mkono njia yoyote kati ya hizo.

Njia ya kwanza inatukumbusha Andreas Osiander, mchungaji wa Kilutheri wa Nürnberg, aliyeweka mwaka 1543 utangulizi usio na jina katika kitabu cha Kopernikus, akisema kwamba dhana za wanajimu hazilazimiki kuwa kweli. Kepler, aliyesomea theolojia Tübingen, aliukataa utangulizi huo. Alikuwa na haki. Fasiri ya Roberts haikubadilishwa kwa kuwa fasiri zote ni sawa, bali kwa kuwa ushahidi uliongezeka ukaonyesha ipi ni ya kweli. Kusahihishwa si aibu ya elimu. Ni dalili kwamba inatii kilichopokelewa. Njia ya pili ilikwisha kuwapata Whewell na Brewster. Kila mmoja aliifungamanisha imani yake na fasiri ya nebula, na kila mmoja aliufanya msingi wa imani usimame juu ya kitu ambacho darubini iliyofuata ingeweza kukibomoa. Ukombozi uliotendeka msalabani haukuhitaji nebula iwe karibu, wala utukufu wa Muumba haukuhitaji iwe mbali.

Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorintho, alitumia mfano wa kioo kuueleza ujuzi wetu wa sasa. Vioo vya siku zake vilikuwa vya metali iliyong'arishwa, ndugu wa vile vya Herschel na Rosse. Kioo cha namna hiyo hakidanganyi, lakini humtaka mtazamaji akisafishe, asubiri, na akubali kusahihishwa. Anayeingia mimbarani na Maandiko mkononi amepewa ushahidi ulio wa kweli. Fasiri anayoitoa ni yake, naye hana budi kuipima tena na tena kwa ushahidi huo, pamoja na mashahidi wengine wa Kanisa, hata kama inafanana sana na kitabu ambacho tayari anacho moyoni.